Naenda Lamu Kula Tu

Ukisema unaenda Lamu, watu wanakuuliza maswali yale yale. Utapanda jahazi? Utapiga picha na punda? Utafika Shela? Hakuna anayeuliza utakula nini. Sasa mimi nasema wazi: Januari naenda Lamu kula. Siku 5, watu 2, na ratiba yote imeandikwa nyuma ya risiti ya unga. Haina jahazi. Haina makumbusho. Ina chakula cha asubuhi, cha mchana, kahawa ya jioni na chakula cha usiku, na katikati kuna kulala.

Najua kuna msee atasema huo ni uvivu na kuharibu doo. Hebu nieleze.

Mimi natengeneza video za chakula. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, nikaanza kurekodi vibanda vya mtaani kwa simu, na leo hiyo ndiyo kazi inayolipa kodi ya nyumba. Kitu ambacho wengi hawajui kuhusu kazi hii ni kwamba chakula unachokiona kwenye video huwa kimepoa. Unapiga kutoka juu, unapiga kutoka kando, unamwomba mpishi amwage mchuzi tena, unangoja wingu lipite. Ukimaliza, samaki amekauka na wali umeshikana. Mwaka jana kampuni moja ilitupeleka Lamu, sisi watano. Siku 2, video 12. Nilionja karibu kila kitu kwenye ule mji na sikushiba hata mara moja.

Lakini nilirudi na somo moja ambalo halikuingia kwenye video: Lamu inakula kwa saa. Kila chakula kina wakati wake, na ukiupita umeupita. Ndiyo maana ukienda na orodha ya sehemu 10 za kutembelea, utaona mji wote na utakula chipsi.

Chukua asubuhi. Watu wakishatoka msikitini alfajiri, mahamri yanaanza kutoka kwenye karai. Usifananishe na mandazi yetu ya Nairobi. Unga umekandwa kwa tui la nazi na iliki, ukaachwa uumuke, kwa hivyo ukilipasua hamri ndani ni wazi kama mfuko. Hapo ndipo unachota mbaazi za nazi. Kuna pia mkate wa mofa, wa mtama, ambao unabandikwa kwenye ukuta wa ndani wa tanuri la udongo. Huo unaula ukiwa moto, umesimama hapo hapo. Ukiamka saa nne kwa sababu jana ulikuwa unahariri video, utakuta sinia tupu.

Baada ya hapo ni soko, lile lililo kando ya ngome. Hiyo ngome ilikuwa jela hadi 1984, na sasa mbele yake, pale Mkunguni, wazee wanakaa kivulini wakipiga gumzo. Sokoni unaona changu, nguru, kamba, na kaa waliofungwa miguu. Hapa nitasema jambo moja zito halafu nitarudi kwa chakula. Bandari mpya ya Lamu ilijengwa ng'ambo ya bara, upande wa Kililana, na wavuvi walilalamika kwamba sehemu zao za kuvua zimeharibiwa. Walienda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Meli ya kwanza ilitia nanga 2021. Kwa hivyo ukiambiwa bei ya samaki Lamu, usibishane kama uko Gikomba. Huyo samaki amefuatwa mbali kuliko zamani.

Mchana ni wali wa nazi na samaki wa kupaka. Samaki anachomwa kwa makaa huku anapakwa rojo zito la nazi lenye ukwaju na pilipili, anageuzwa, anapakwa tena. Hiyo kazi haitaki haraka. Kando weka achari ya embe na glasi ya juisi ya ukwaju. Halafu mji unalala. Sio utani. Jua limekaza, maduka mengi yamefungwa, vichochoro ni vyembamba na vina kivuli, na kelele unayoisikia sana ni ya punda. Mwaka jana hizo ndizo saa tulizozunguka na kamera tukishangaa kwa nini hakuna watu. Safari hii na mimi nitakuwa nimelala.

Jioni baada ya alasiri ni kahawa chungu kutoka kwenye dele la shaba, kikombe kidogo kama cha mtoto, na kipande cha halua au kashata. Unakaa barazani. Barazani hakuna ratiba, mtu anakuja, anakaa, anaondoka. Na magharibi ikishapita, makaa yanawashwa nje: mishkaki, viazi karai, bhajia, kachori. Unakula kidogo hapa, unatembea hatua 20, unakula kidogo pale.

Huo ndio mpango wote. Sasa tuongee pesa, maana najua ndizo mnazingoja.

Nimeweka akiba ya 48,000 kwa watu wawili. Ndege inatua kisiwa cha Manda, halafu unavuka kwa boti, lakini hiyo sio ya bajeti yangu. Sisi tutachukua treni ya usiku kutoka Syokimau. Daraja la chini ni 1,500 tangu 2024, kwa hivyo watu wawili kwenda na kurudi ni 6,000. Mombasa unapanda basi asubuhi hadi Mokowe, kupitia Malindi na Garsen. Barabara ya kutoka Garsen sasa ni lami, lakini vizuizi vya polisi vipo, kwa hivyo beba kitambulisho na usipange kusafiri usiku upande huo. Mokowe unashuka, unaingia kwenye boti, na muda mfupi baadaye uko Lamu. Ukifika, usafiri ni miguu yako. Pesa zinazobaki nimezigawa, na chakula kimepata fungu kubwa kuliko chumba. Chumba ni kitanda, chandarua na feni. Basi.

Kuhusu wakati: kuanzia Desemba hadi Machi ni kaskazi, bahari imetulia na mashua zinatoka. Kuanzia Aprili kusi inaanza, mvua inashuka, bahari inachafuka, na nyumba kadhaa za wageni zinafunga. Pia angalia kalenda ya Ramadhani, maana kila mwaka hurudi nyuma kama siku 11. Mwezi huo mchana hutapata wa kukupikia, na ni vizuri kuheshimu hivyo, ingawa futari ya Lamu ni safari nyingine kabisa. Na siku zote funika mabega na magoti. Mji ni wa Waislamu na wewe ni mgeni.

Januari niliichagua kwa sababu nyingine pia. Ni Njaanuari, na Njaanuari wateja wa mama hawana pesa.

Mtu wa pili kwenye safari hii ni mama yangu. Anauza chapati na madondo karibu na steji huko Kayole, miaka 17 sasa. Anaamka saa kumi usiku kukanda unga. Kwa hayo maisha yote sijawahi kumwona akila akiwa ameketi saa za kazi. Anakula amesimama, wa mwisho, na anakula ile chapati iliyoraruka ambayo hawezi kumuuzia mtu. Tukienda harusini anaingia jikoni kusaidia. Mtu ambaye amelisha steji nzima hajui kulishwa kukoje.

Nilipomwambia kuhusu Lamu aliniangalia tu. "Niende kula nini? Kwani huku hatuli?"

Nikamwambia kuhusu mahamri.

"Na kibanda atakaa nani?"

Nikamwambia binamu yangu amekubali kusimamia, na kwamba Januari hata hivyo biashara imelala. Hapo akanyamaza, halafu akasema lile ambalo nilijua linakuja. "Mama, hizo pesa si ungerudi nazo chuo?"

Hilo sio swali dogo, na sitajifanya ni dogo. Elfu 48 zinaweza kulipa muhula. Muhula mmoja. Miaka miwili iliyobaki ina mihula minne, na hiyo mingine mitatu hakuna anayejua itatoka wapi, wala mimi wala yeye. Nikirudi nitarudi nikiwa na ya kumaliza. Nilimwambia hivyo kwa upole, kwa sababu ndoto ya kuniona na ile kofia ya mahafali ni yake kuliko yangu. Hakukubali. Hakukataa pia. Aligeuza chapati.

Sasa jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya niandike. Ile kampuni ya mwaka jana ilisikia kuhusu mpango wangu, ikanipigia. Watalipa kila kitu: ndege, hoteli ya mbele baharini, chakula. Wanachotaka ni video 10, na mama awe ndani. Mama anaona bahari. Mama anaonja biriani ya kamba. Mama analia. Hiyo ya kulia waliitaja kabisa, kama kitu kilicho kwenye orodha ya vifaa.

Nilikataa.

Sisemi wanaofanya hizo video ni wabaya. Nimezitazama nyingi, na zingine zimenitoa machozi. Lakini mimi najua zinavyotengenezwa. Najua mama atapewa sahani, halafu ataambiwa angoja kidogo. Ataambiwa arudie kuuma. Ataambiwa aangalie huku. Chakula kitapoa mbele yake, na atakuwa anahudumia watu tena, safari hii kwa uso wake. Miaka 17 amekula kikiwa kimepoa. Sitampeleka kilomita mia nane akale kikiwa kimepoa.

Kwa hivyo tunaenda na zangu, kwa treni, kwenye chumba cha feni. Simu itabaki ndani ya begi saa za kula. Kuna mama mmoja wa Lamu ambaye anapika nyumbani kwake, unaagiza asubuhi, unakula usiku. Nilikutana naye mwaka jana. Aliniuliza kama nataka mai, nikadhani anasema mayai, kumbe kwa Kiamu mai ni maji. Alicheka hadi akakaa chini. Jioni mbili tutakula kwake, tumekaa kwenye mkeka, na atakayepakua hatakuwa mama yangu. Nimeweka sheria moja: haoshi sahani. Najua ataivunja siku ya pili, kwa sababu wale wawili wakianza kuongea kuhusu unga sitakuwa na sauti. Hiyo ni sawa. Mtu akienda jikoni kwa sababu anataka kujua, hiyo sio kazi.

Na ninaona dalili. Juzi usiku, tukihesabu mauzo, aliniuliza kama zile mbaazi za Lamu zinawekwa kitunguu. Nikamwambia aende akaulize mwenyewe.

Ushauri wangu kwa yeyote anayepanga safari kama hii ni mfupi. Anza na saa za kula, mengine yafuate. Acha mchana mzima bila kitu. Weka pesa kwenye sahani kabla ya kuziweka kwenye kitanda. Na kabla hujaamua ni nani utamwalika, fikiria ni nani nyumbani kwenu hula mwisho.

Na kama unajua pahali pazuri pa mkate wa sinia karibu na Mkunguni, niambie. Video hakuna, lakini nitakuletea ripoti kamili.