Kujifunza Kuanguka

Aghalabu makala za jarida hili huanza kwa kanuni, kisha mifano hufuata. Leo tunaomba radhi kuanza na magoti yetu.

Katika likizo moja ya katikati ya mwaka, jirani yetu hapa mjini Singida alipata mgeni, mpwa wake wa kidato cha pili, aliyekuja kutoka Dar es Salaam na jozi mbili za viatu vya magurudumu. Ni viatu vigumu vifungwavyo hadi juu ya vifundo vya miguu, na chini ya kila kimoja yamepangwa magurudumu manne madogo katika mstari mmoja. Kila jioni kijana huyo aliteleza kwenye kipande cha lami kisichopitiwa na magari mengi, upepo wetu wa Singida ukimsukuma mgongoni, nasi tukimtazama tumekaa juu ya jiwe. Sisi ni wakufunzi wawili, na miaka yetu ikijumlishwa yapita mia moja. Hata hivyo, siku ya nne tulimwomba atufundishe. Jozi ya pili ilikuwa kubwa, ya kaka yake. Tuliivaa kwa zamu.

Kijana alitukatalia lami. Alitupeleka penye nyasi kavu, akatufunga magotini vipande vya godoro kuukuu, akatuvika vikinga vya viganja, na kichwani kofia ngumu tuliyoazima kwa dereva wa bodaboda. Kisha alisitasita, kwa maana si jambo jepesi kwa mtoto aliyelelewa vizuri kuwaamuru watu wa makamo.

"Walimu, naomba mnisamehe," akasema. "Sasa muanguke."

Tulidhani anatania. Hakuwa akitania. Alitaka tukunje magoti, tuinamishe mwili mbele kidogo, tushuke kwa magoti kwanza, na viganja vifuate vidole vikiwa vimeinuliwa. Kuanguka kinyumenyume alitukataza kabisa, maana huko ndiko kisogo na uti wa mgongo huumia. Kisha akatufundisha kuinuka: goti moja chini, mguu mwingine usimame mbele, mikono miwili ishikilie goti lililo juu, na mwili upande polepole. Tulianguka na kuinuka pengine mara ishirini kila mmoja. Somo la siku ya kwanza lilikuwa hilo tu, na kwa kweli tulinung'unika, kwani tulikuja kujifunza kwenda.

Siku ya pili tulijifunza kusimama. Nyuma ya kiatu kimoja kuna kipande cha mpira. Mguu huo husogezwa mbele, ncha ya kiatu ikainuliwa, na kisigino kikakandamiza chini. Siku ya tatu ndipo tulipokanyaga lami, visigino vikikaribiana na ncha za miguu zikitazama nje, tukipiga hatua fupi kama bata, mmoja amevaa na mwingine akikimbia kando yake. Kijana alikuwa akirudia neno moja: "Tazama mbele, Mwalimu, usitazame miguu." Mmoja wetu alitazama miguu. Kokoto moja ilizuia gurudumu, akaenda chini. Magoti yalitangulia, viganja vikafuata, kisha akainuka bila kushikwa mkono. Godoro lilipasuka na ngozi ikachubuka kidogo, lakini hofu tuliyokuja nayo haikuonekana tena, kwa sababu jambo tuliloliogopa lilikuwa limekwisha kutokea, nasi tulijua la kufanya.

Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1760, mjini London, fundi mmoja aitwaye John Joseph Merlin aliingia katika karamu akiteleza juu ya viatu vya magurudumu alivyovitengeneza mwenyewe, huku akipiga fidla. Alikuwa hana njia ya kusimama wala ya kugeuza mwendo. Alijibamiza kwenye kioo kikubwa cha thamani, akakivunja pamoja na fidla, naye akaumia vibaya. Fundi hodari huyo alikuwa amejitengenezea njia ya kwenda tu.

Tulipokuwa tukicheka kisa hicho nyumbani, tulimkumbuka mtoto mmoja, na kicheko kikakatika.

Tulipoanza kazi tulipangiwa shule moja ya kijijini katika mkoa huu, na darasa la kwanza tulilifundisha kwa kusaidiana. Mtoto huyo nyumbani kwao alizungumza Kinyaturu. Kiswahili alikikuta shuleni. Tulimsimamisha mbele ya wenzake asome sentensi ubaoni. Alikwama katika neno la pili, akalitamka kwa namna ya kwao. Darasa likacheka, nasi, tunaona haya kuandika hivi, tulitabasamu. Hatukuwa tumemfundisha afanye nini akikwama. Alisimama kimya, macho chini, hata tukamwambia akae. Kabla ya muhula kwisha alikuwa akichunga mbuzi, na katika daftari la mahudhurio tuliandika neno "mtoro", kana kwamba kosa lilikuwa lake peke yake.

Miaka mingi baadaye tulikutana naye mnadani, mtu mzima mwenye mifugo yake. Alituamkia kwa heshima, akatunyooshea karatasi ya chanjo ya mifugo. "Walimu, nisomeeni, macho yangu siku hizi hayaoni vizuri." Huku akisema, alikuwa akimtambua mbuzi wake kwa alama ya sikio, ng'ambo ya zizi.

Tangu likizo ile, wanachuo wetu waendapo katika mazoezi ya kufundisha darasa la kwanza, twawataka watenge dakika kumi za kuanguka. Mwalimu asome ubaoni, akosee kwa makusudi, aseme "Hapa nimekwama," aweke kidole chini ya neno, atamke silabi moja moja, kisha aendelee. Halafu watoto wafanye hivyo wawili wawili, wameketi, kila mmoja akikwama na kuinuka. Anayelijua jambo kwa lugha ya nyumbani aruhusiwe kulisema kwanza kwa lugha hiyo. Kusoma peke yake mbele ya darasa zima ni lami. Huko mtoto aende baadaye. Wapo wakufunzi wenzetu waonao kuwa huku ni kupoteza muda wa kipindi kilicho kifupi tayari, na hoja yao si ya kupuuzwa, hasa katika darasa lenye watoto wengi.

Mwanachuo mmoja alituuliza dakika hizo ziandikwe wapi katika andalio la somo, kwa kuwa fomu haina nafasi yake. Tulimwambia achore mstari kwa rula, juu ya utangulizi.