Furukombe wa Walawi katika milima ya Hispania



Tangu juma lililopita kuko maneno mengi ku enterna juu ya ndege. Yalianzia somo la biolojia. Mwalimu wetu alitupasha habari ya siku moja ya mwezi wa tano aliyotembea na kundi la watu katika milima ya Pyrénées, kaskazini mwa Hispania, wakati alipokuwa anasoma Ulaya. Watu kumi na wawili, wazee kwa vijana, waliamka saa kumi ya usiku, wakapanda gari, kiisha wakapanda mlima kwa miguu, kila mtu na mkate wake na darubini yake. Walikwenda kuangalia ndege. Si kuwinda, kuangalia tu na kuandika majina yao katika kaye. Pale darasa lote lilicheka.

Walimtafuta yule ambaye watu wa Hispania wanamwita mvunja-mifupa. Katika Biblia ya Kiswahili anaitwa furukombe, ndiye yule wa Walawi 11, katika hesabu ya ndege ambao Waisraeli walikatazwa kula. Akifungua mabawa yanapita mita 2 na nusu. Chakula chake kikubwa ni mifupa, na tumbo lake lina asidi kali ya kuiyeyusha. Tena anajipaka udongo mwekundu kifuani, sawa vile dada zetu siku ya sikukuu (wasinikasirikie).

Ndege wakubwa hawa wanaruka kwa urahisi zaidi jua likipasha mawe moto na hewa ikianza kupanda. Basi kundi lilikaa katika baridi saa mbili nzima, bila neno. Mimi kapita ninajua kimya cha dakika kumi kina bei gani. Kufika saa nne furukombe alitokea na mguu wa kondoo, akauachilia toka juu sana, pa! juu ya mawe. Haukuvunjika. Akashuka, akauokota, akapanda tena. Mara ya tatu ukapasuka. Mzee mmoja alivua kofia yake.

Usiku mdogo mmoja wa mwaka wa kwanza akaniuliza: "Yaya, kama haba bakulake, iko na kazi gani?"

Huko Hispania nako waliuliza hivyo. Tangu 1953 kulikuwa na kamati za serikali zilizolipa watu waue wanyama walioitwa wabaya. Sumu iliwekwa ndani ya nyama, na mwenye kula mizoga akafa pamoja na mbwa-mwitu. Katika milima ya Cazorla, upande wa kusini, furukombe alikwisha kabisa 1986. Ni 2006 ndipo walianza kurudisha vijana waliolelewa na watu. Na kazi ni ya polepole, maana anaanza kuzaa akiwa na miaka kama 8, na kwa mwaka analea mtoto mmoja tu.

Wenzangu wafinalisti wanasema: aliyeshiba ndiye anatazama ndege. Neno hili lina nguvu. Wadogo wetu wanaopiga ndege nyuma ya jikoni hawachezi, wanatafuta nyama, na maharagwe ya kila siku sote tunayajua. Kwa hiyo sikumpa yule mdogo azabu. Lakini sikubali kwamba kuangalia ni kwa matajiri. Jioni ya siku ile, katika kijiji chini ya mlima, kundi liliona mbayuwayu weusi wakizunguka mnara wa kanisa. Ndege wa namna hiyo wanavuka Sahara, na Desemba na Januari wengi wao wako katika anga la Congo yetu. Hapa haiombi gari wala mlima, ni kuinua kichwa tu.

Siku ya Mungu kiisha ibada, wanaotaka wakutane nyuma ya kanisa na kaye na kalamu. Mwalimu ataleta darubini, ni moja, tutapokezana. Mipira ya kurusha mawe itabaki kwangu mlangoni. Jioni kila mtu atachukua wake, na yule mdogo amekwisha kuniuliza kama nitaandika jina lake juu ya wake ili usipotee.