Umejifunza kwa Nani?

Fomu yenyewe ilikuwa na kurasa chache tu, lakini ilitumaliza jioni nzima. Baba alikaa kwenye stuli yake mlangoni, miwani imemshuka puani, mimi nikakaa mkekani na kalamu. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Elimu: darasa la saba. Fani: useremala. Uzoefu: tulihesabu tukafika miaka 38, baba akasema niandike 35, isije ikaonekana tunajisifu. Halafu tukafika kwenye swali lililotukwamisha: ujuzi huu umeupata wapi, na kwa nani?

Baba akanyamaza. Aliyemfundisha alikuwa mzee mmoja wa Kariakoo. Alishafariki siku nyingi, na pale palipokuwa na karakana yake sasa pana ghorofa la maduka ya vitenge. Mzee yule hakuwa na chuo wala mhuri. Hata kibao mlangoni hakuwa nacho.

"Andika nimejifunza mwenyewe," baba akasema.

"Lakini si kweli, Baba."

"Sasa nikimtaja, nani atamjua?"

Fomu ile tulikuwa tunaijaza kwa sababu mkandarasi mmoja, mteja wake wa miaka mingi, alimwambia kwamba safari hii kazi ya milango na makabati inataka mafundi wenye vyeti. Alimwambia kwa heshima, tena kwa aibu kidogo. Basi baba, akiwa na miaka sitini na kitu, akaamua kuomba ujuzi wake urasimishwe. Kama hujawahi kuusikia utaratibu huu, uko hivi: fundi aliyejifunzia mtaani huomba kupimwa. Huhojiwa, hupewa kazi aifanye mbele ya wanaojua, huonyeshwa mapengo yake na kufundishwa kuyaziba, kisha hupewa cheti. VETA, mamlaka iliyozaliwa kwa sheria ya mwaka 1994, inaufanya, na serikali imeuweka kwenye programu yake ya kukuza ujuzi pamoja na mambo mengine mawili yenye majina ninayoyapenda: uanagenzi na utarajali.

Sina ugomvi nao. Mtu aliyetengeneza nusu ya milango ya mtaa anastahili karatasi inayosema hivyo. Ila kile kimya cha baba kilinirudisha kwenye fomu nyingine, ya zamani, ambayo nilidhani nimeshaisahau.

Nilipochaguliwa kwenda kidato cha kwanza, fomu ya kujiunga ilikuwa na nafasi ya kazi ya mzazi. Nikaandika "mfanyabiashara". Nilikuwa na miaka kumi na minne na sikutaka kufika bweni la watu nikiwa mtoto wa seremala wa Keko. Nilichosahau ni kwamba fomu ile ilitakiwa isainiwe na mzazi. Baba aliichukua, akaisoma taratibu kama anavyosoma kila kitu, kidole kikifuata mstari. Kidole kikafika pale, kikasimama. Kisha akasaini. Hatujawahi kuizungumzia mpaka leo, na sijui kama ataisoma makala hii. Akiisoma, nadhani atakuwa wa kwanza kusema kwamba yameshapita.

Pale Keko, karakana ya baba ilikuwa banda la mabati lenye meza moja, jiriwa moja na stuli mbili. Stuli ya pili ilikuwa yangu kwa haki ya kuzaliwa, na sikuikalia. Dada yangu aliitaka. Alikuwa anapenda harufu ya mninga ukipigwa randa, akawa anakuja na chai na kuchelewa makusudi kuondoka, mpaka baba anamwambia, "Haya, mama yako anakusubiri." Hakuna aliyefikiri kwamba msichana naye anaweza kukalia stuli ile. Nalitaja hili mapema kwa sababu sisi watu wa kuandika tuna tabia ya kuikumbuka karakana ya mtaani kama pepo. Haikuwa pepo. Vijana walifanya kazi miaka bila malipo ya maana, hakuna aliyejua mafunzo yanaisha lini, na wapo mafundi waliowaficha wanafunzi wao siri za kazi kwa kuogopa kunyang'anywa wateja.

Mwishowe stuli ile akaikalia kijana aliyekuja kutoka Ifakara kwa shangazi yake. Alikuwa amefeli kidato cha nne, na alifika mikono mfukoni kama mtu aliyeletwa polisi. Miezi ya kwanza alifanya kazi moja tu: kufagia maranda. Anafagia, anayajaza kwenye viroba, anawauzia wafuga kuku. Baadaye akapewa msasa. Baadaye akaruhusiwa kushika upande wa pili wa mbao baba anapokata. Baba hakuwa mtu wa kueleza. Alikuwa anafanya, na kijana anatazama, na mara moja moja anarusha methali moja aliyoirithi kwa yule mzee wa Kariakoo: mchonga mwiko hukimbiza mkonowe. Siku kijana alipokata ulimi wa kwanza wa kuunganishia mguu wa meza, ukawa mwembamba na kucheza tunduni, baba hakusema neno. Aliuchomoa, akamrudishia, akaendelea na kazi yake. Kijana akakata wa pili. Wa tatu. Jioni ile nilipita nikitoka tuisheni, nikawakuta wamekaa kimya na rundo la ndimi za mbao katikati yao.

Wakati ule niliona ni ushamba. Nilikuja kuelewa nilipopata stuli yangu mwenyewe, mbali na Keko, kwenye chumba cha habari cha gazeti moja hapa Dar es Salaam. Nilikuwa na shahada, na cheo changu kilikuwa mtarajali. Lisikilize vizuri neno hilo: mtu wa kutarajia. Anatarajia kazi, nao wanatarajia lolote kutoka kwake. Kazi zangu za mwanzo zilikuwa kuandika upya maneno yaliyorekodiwa kwenye mahojiano ya wenzangu, kutafsiri habari za mashirika ya nje, na kuhudhuria mikutano ya waandishi ambayo wakubwa hawakuitaka. Yalikuwa maranda ya kazi yetu, na nilikuwa nafagia.

Lakini kwa sababu nilikuwa nafagia, nilikuwapo. Na kwa sababu nilikuwapo, mhariri msanifu mmoja, mzee aliyeanzia kwenye mitambo ya uchapaji akapanda ngazi kwa ngazi, aliniita nikae pembeni yake. Aliisoma habari yangu kwa sauti ya chini, na kila sentensi akauliza. Nani kasema? Ulimwona au ulisikia? Saa ngapi? Neno hili lina kazi gani hapa? Chuo kikuu nilisoma maadili ya habari na nikafaulu vizuri tu. Kwake nilijifunza kuona aibu nikiandika kitu nisichokuwa na hakika nacho.

Mzee yule hakuwa na stashahada. Sheria ya Huduma za Habari ilipokuja mwaka 2016, kanuni zake za mwaka uliofuata zikataka mwandishi awe na angalau stashahada, na zikatoa miaka mitano watu wajipange. Naye alijipanga. Alikwenda darasani jioni na vijana wa umri wa wanawe, baadhi yao wakiwa wametumwa na wahariri aliowafundisha kazi yeye. Alirudi na karatasi yake, tukampigia makofi, tukala keki. Muda si mrefu gazeti likapunguza watu, maana matangazo yalikuwa yamehamia kwenye simu, na meza yake ikaondolewa. Cheti alikuwa nacho. Mahali pa kumweka mtu pembeni yake ndipo hapakuwapo tena.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Tunapozungumza habari za ajira zinazobadilika, huwa tunauliza mashine itachukua kazi ya nani, na jicho letu linakwenda kwa fundi mkuu. Ninavyoona mimi, mashine huanzia kwa anayefagia. Keko ya leo, mbao za MDF zinafika zikiwa laini, hazihitaji kijana wa msasa. Unazipeleka kwenye mashine zinakatwa kwa vipimo ulivyotuma, unarudi nazo unaunganisha kwa skrubu, na kabati limesimama kabla ya magharibi. Kwenye chumba chetu cha habari, programu za akili mnemba zinaandika maneno ya mahojiano na kutafsiri habari za nje kwa dakika chache, vibaya kidogo, lakini bure. Zile kazi ndogo zilizokuwa nauli ya mwanafunzi, alizolipa ili aruhusiwe kukaa karibu na fundi, zimepata wa kuzifanya. Na asiyekuwa na nauli hapandi.

Kiswahili kimemweka fundi nyumba moja na kufunda na kufundisha, kana kwamba anayejua kazi bila kumfunda mtu hajakamilika. Ukinipima kwa kipimo hicho mimi ni nusu fundi. Mwaka huu nilipewa mtarajali, binti makini, anayeandika vizuri kuliko nilivyoandika nikiwa na umri wake. Hatuna meza ya pamoja, tunafanya kazi kwa WhatsApp. Ananitumia habari, naisahihisha, naichapisha, namtumia kidole gumba. Sijawahi kumwuliza neno hili lina kazi gani hapa. Kusahihisha kunanichukua dakika kumi, kumweleza kungenichukua saa nzima, na saa hiyo hakuna anayenilipa. Nadhani hata mafundi wa Keko wangesema hivyo hivyo.

Ndiyo maana naisoma mipango ya serikali kwa matumaini na wasiwasi kwa pamoja. Sera ya elimu, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali kwenye sekondari, ili mtoto atoke na masomo na ujuzi wa mkono. Amali ni neno zuri, Zanzibar wamelitumia muda mrefu kwenye mafunzo yao, na afadhali mara mia mtoto wa leo aandike "amali" kwenye fomu bila kuona haya. Uanagenzi nao, ule wa muda fulani chuoni na muda fulani kazini, una mkataba, una mwisho, na dada yangu angeruhusiwa kuingia. Hayo yote karakana ya baba ilishindwa kuyatoa. Ila kule kazini anakopelekwa mwanagenzi lazima awepo mtu mwenye saa moja ya kupoteza. Saa hiyo mtu akiiweka kwenye hesabu huonekana hasara, mpaka siku mafundi wanapokwisha.

Baba alipimwa. Walimpa kazi ya kuunganisha fremu, na nimeambiwa mmoja wa wapimaji aliichukua ile fremu, akaigeuza geuza, akamwita mwenzake aje kuiona. Kisha wakamwonyesha mapengo yake mawili. Kwanza, hajui kujikinga: hana miwani ya kazi, hana barakoa, na ule uzi wa umeme wa mashine yake ya kutoboa umefungwa gundi ya karatasi. Pili, hajui kusoma mchoro wa kabati la kisasa wala kupanga mikato kwenye shiti la MDF. Alikubali yote mawili bila kubisha, jambo ambalo mama bado anasimulia majirani.

Lile pengo la pili alichagua kulizibia kwa yule kijana wa Ifakara. Sasa si kijana tena, ana watoto watatu na karakana yenye mashine ya kukatia mbao za shiti, mitaa miwili kutoka banda la zamani. Baba alimpigia simu mwenyewe. Nilikuwapo. Upande wa pili mtu alinyamaza kidogo, kisha nikasikia, "Shikamoo mzee. Njoo hata kesho."

Na ile fomu? Tulibishana mpaka mama akaleta chakula. Mwishowe baba akanitajia jina la mzee wa Kariakoo, herufi kwa herufi, na jina la baba yake, na mtaa. Nikaandika. Nafasi iliyoachwa haikutosha, maneno yakapanda pembeni ya karatasi.

Jumatatu ya kwanza alirudi kutoka karakana ile saa kumi na mbili jioni, nywele zimekuwa za kijivu zaidi kwa vumbi la MDF, barakoa mpya ikining'inia shingoni. Nilikuwa nimekuja kuwatazama. Nikamwuliza, leo umejifunza nini?

Akavua viatu, akavigonga ukutani, vumbi likatoka.

"Leo?" akasema. "Leo nimefagia."