Posho ya Mzee wa Baraza

Ndugu msomaji wa visiwani, wewe wajua kuwa bamvua halimngoji mtu. Mwanamke wa Jambiani akizuiwa siku hizo asiende kuchokoa pweza, hata ukimlipa baadaye, mwamba umekwisha kufunikwa na maji. Sisi tuliozaliwa Kizwite, mjini Sumbawanga, hatuna bahari, lakini bamvua tunalo. Letu huja mwishoni mwa mvua, udongo wa Ufipa ungali laini na nyasi zingali mbichi. Hapo mkulima huzikata nyasi na kuzifukia katika vichuguu vya udongo tunavyoviita intumba, zioze humo ziwe mbolea ya msimu ujao. Mvua ikikatika, ardhi hukauka, na jembe hudunda.

Ni katika siku hizo baba alipoitwa kuwa mzee wa baraza katika kikao cha Mahakama Kuu. Kesi ilikuwa ya mauaji. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 ilimtaka jaji asikilize kesi ya namna hiyo pamoja na washauri wawili au zaidi, na mwishoni kila mmoja atoe maoni yake. Jaji hakufungwa na maoni hayo. Mama alilishika neno hilo la mwisho.

“Baba watoto,” alisema, “kama jaji halazimiki kukufuata, wewe una lazima gani ya kuliacha shamba?”

“Akipatikana na hatia atanyongwa,” baba alijibu. “Sitaweza kushika jembe huku shingo ya mtu inajadiliwa.”

Posho ilikuwapo, wala sisemi kwamba baba alidhulumiwa. Mama aliifunga mafundo matatu katika pindo za kanga: fundo la matumizi ya nyumbani, fundo la vibarua, na fundo la ada yangu ya shule. La pili ndilo lililotushinda. Siku hizo kila mwenye mikono yuko shambani kwake. Fedha ipo, wa kuipokea hayupo. Mama akaongeza ujira, akalifungua na fundo la tatu, na bado akapata kijana mmoja tu, kwa siku mbili. Basi mimi nikaacha darasa siku tisa, tukalima na dada yangu.

Jioni baba alirudi kimya. Hatukumwuliza habari za kesi, naye hakutusimulia. Aliuliza jambo moja tu: “Mmefika wapi?” Nasi, kwa kumhurumia, tukasema tumefika kwenye mti, ilhali mti ulikuwa mbali. Mtu aliyeshinda akipima maneno ya mashahidi aliyapokea maneno yetu bila kuyahoji. Jumapili alikwenda mwenyewe, akaona. Hakutukemea. Alichukua jembe akaanzia pale tulipoishia, akalima mpaka giza.

Mvua ilikatika kabla ya kesi kwisha. Nusu ya shamba haikuguswa, na mavuno yaliyofuata tuliyahesabu kwa vibaba.

Kenya iliwaondoa washauri wa mahakama mwaka 2007. Kwetu, sheria ilibadilishwa mwaka 2022, na sasa si lazima Jaji wa Mahakama Kuu akae nao. Wako wasemao kuwa wazee hawa walikuwa gharama. Sibishi, naomba tu hesabu ikamilike. Katika daftari la serikali, posho ni kile ilichotoa. Katika daftari la nyumba yetu ziliandikwa siku tisa za shule, ada iliyochelewa, na nusu shamba. Vyote vilitolewa ili mshtakiwa tusiyemjua asikilizwe na mtu wa kawaida kama yeye.

Maoni yake baba aliyatoa hadharani mbele ya jaji, lakini nyumbani hakuyarudia. Mpaka leo sijui alisema nini. Najua tu kwamba kila siku ya kikao aliamka alfajiri, akapiga pasi shati lake moja jeupe, akapita kando ya jembe lililoegemezwa ukutani, akaenda kusikiliza.