Mkataa Kwao ni Mtumwa?

Wahenga walinena kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Msomaji mpenzi, methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, na siku moja niliitumia kumchoma mama yangu mzazi.

Mama ni muuguzi. Mwaka wa 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mkataba kuhusu wahudumu wa afya. Mwaka uliofuata aliabiri ndege akaenda huko, akaniacha na nyanya. Likizo ya Agosti nyanya alipougua, nilimwambia mama kwa simu, "Mkataa kwao ni mtumwa! Huko unaosha wazee wa watu, na mamako amelala hapa. Kwani ni pesa tu?"

Kimya. Kisha akasema, "Pesa pia, mwanangu. Karo yako inatoka wapi? Lakini hebu sikiliza."

Niliukumbuka mgomo wa wauguzi wa 2017, kuanzia Juni hadi Novemba. Nilikuwa darasa la tatu, nasi tulikunywa strungi miezi yote hiyo. Kumbe si strungi iliyomwondoa! Ni usiku mmoja alipoachwa peke yake wadini na wagonjwa 40, glavu zimekwisha. Alipokuwa akimhudumia mmoja, mwingine alikata roho upande wa pili. "Nilijua la kufanya," mama akasema, "ila nilikuwa mmoja." Aliko sasa baridi humtafuna na upweke humliza, lakini akiita mwenzake, mwenzake huja.

"Haya, weka simu karibu," akaniambia. "Nikuonyeshe jinsi ya kumgeuza nyanyako asipate vidonda." Nikamgeuza, nikampaka mafuta mgongoni. Nyanya akacheka, "Mikono kama ya mamako!" Mama naye alikuwa akilia.

Wenzangu, sisemi kila aendaye ughaibuni ana kisa kama hiki. Wengine hufuata masomo, wengine mshahara mnono. Lakini mwaka wa 2024 madaktari wetu waligoma siku 56, na mojawapo ya malalamiko yao ilikuwa ajira na malipo ya madaktari wanagenzi. Mtu asome miaka sita, kisha akae nyumbani akingoja kazi! Akiondoka, ni nani aliyemkataa mwenzake?

Mimi pia nataka kuwa muuguzi. Nyanya ananiombea nifanye kazi papa hapa. Nami naomba siku hiyo wadini tuwe wawili.