Mnunuzi Mgeni

Biashara ni mapatano ya watu wawili ambao kila mmoja anatamani kitu kilicho mkononi mwa mwenziwe. Neno hili ni jepesi kulisema, lakini lina ugumu wake wa kale: nani atangulie kutoa? Atanguliaye hukaa kitambo mikono mitupu, akiutegemea uaminifu wa mwenziwe. Sokoni kitambo hicho ni kifupi kama kufumba na kufumbua. Mkono mmoja hutoa fedha na mwingine hutoa kitu. Katika biashara ya intaneti kitambo hurefuka kikawa siku, pengine wiki, na humo ndimo udanganyifu unamopata nafasi.

Swali hili halikuzaliwa na simu. Herodotus, mwandishi wa tarehe wa Ugiriki katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alisimulia habari za wafanyabiashara wa Carthage na watu wa pwani ya Afrika iliyo ng'ambo ya mlango wa bahari wa Gibraltar. Wageni walipanga bidhaa zao ufukoni, wakarudi chomboni, wakafukiza moshi. Wenyeji waliuona moshi wakaja, wakaweka dhahabu, wakajitenga. Wageni wakiona dhahabu yatosha, waliichukua wakaenda zao. Wakiona haitoshi, walirudi chomboni wakangoja iongezwe. Hawa hawakuigusa dhahabu kabla haijalingana na bidhaa, wala wale hawakuzigusa bidhaa kabla dhahabu haijachukuliwa. Walilindwa na kanuni iliyowafunga wote sawasawa.

Katika zama hizi ilitafutwa dawa nyingine. Mwaka 1995 Pierre Omidyar alianzisha huko Marekani soko la mnada lililokuja kuitwa eBay, na mwaka 1996 wauzaji na wanunuzi wa soko hilo wakapewa nafasi ya kuandika walivyotendeana. Sifa ya mtu, ambayo zamani ilikaa midomoni mwa majirani, ikawa hesabu isomwayo na dunia nzima. Dawa hii ni njema, walakini haimtambui mgeni. Mtu aliyejiandikisha jana hana sifa nzuri wala mbaya. Mwizi hupenda jina jipya kwa sababu la zamani limekwisha haribika; mtu mwema ana jina jipya kwa sababu kila safari ina hatua ya kwanza. Machoni pa mwuzaji wawili hawa ni pacha. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wakasema pia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwuzaji wa intaneti aghalabu hana siku tatu za kumpima mgeni wake.

Chukuliwe mfano wa mpiga picha za harusi wa Dar es Salaam atakaye kuuza kamera yake kwa shilingi milioni 2. Kamera hiyo ndiyo jembe lake. Ikipotea bure, mtaji wa kununulia nyingine umepotea pamoja nayo. Mnunuzi mwenye jina jipya anajitokeza. Haombi bei ipunguzwe, hataki kuiona kamera, na ana haraka. Baada ya dakika chache ujumbe unaingia katika simu kwamba fedha zimepokewa, na mwendesha bodaboda yuko mlangoni kuchukua mzigo. Yamkini kijana huyo hajui lolote. Ametumwa kama atumwavyo kila siku. Ujumbe unafanana na wa kweli kwa kila neno, ila salio halikuongezeka hata senti moja. Ujumbe ni habari ya fedha tu, na habari huweza kuwa ya uongo. Mwuzaji hana budi kulitazama salio lake kwa simu yake mwenyewe, kwa njia aliyoizoea, asifuate njia aliyoelekezwa na mnunuzi.

Hata fedha zilizoingia kweli huenda zisikae. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, imefupisha sana safari ya fedha. Walakini mtu aliyekosea namba anaweza kuomba fedha zake zirudishwe. Huko Kenya ombi hilo hupelekwa kwa namba 456. Msaada huu wa haki mwongo naye huweza kuujaribu akiisha kupokea kitu. Malipo ya kadi yana hatari iliyo kubwa zaidi: mwenye kadi iliyoibwa akilalamika, fedha huweza kurudishwa kwake, na mwuzaji akabaki bila mali wala thamani yake. Hundi nayo huweza kuonekana katika hesabu kabla haijakubaliwa na benki iliyoitoa. Hapo ndipo mnunuzi hudai kwamba amelipa kupita kiasi kwa makosa, akaomba ziada irudishwe upesi. Ziada hiyo hutoka katika mfuko halisi wa mwuzaji.

Dawa iliyo bora ni mkono wa tatu. Nchini China soko la Taobao lilianzishwa mwaka 2003, na mwaka 2004 ikaja Alipay kuwa mshika amana: mnunuzi alitoa fedha, zikawekwa, mwuzaji akapeleka kitu, mnunuzi alipokiri kukipokea, fedha zikamfikia mwuzaji. Hii ni kanuni ya ule ufuko wa kale iliyovaa nguo mpya. Pasipo mshika amana, wawili hao na wakutane mchana ndani ya benki, kitu kikaguliwe, fedha zihesabiwe na kuwekwa, kisha kitu kitolewe. Kitu kikisafirishwa mbali, kipelekwe kwenye anwani iliyoandikwa katika malipo, na aliyekipokea atie sahihi. PayPal, kwa mfano, hudai sahihi hiyo kwa kitu cha dola 750 au zaidi kabla ya kumkinga mwuzaji. Namba ya chombo iandikwe, na hati ya mauziano ifanywe nakala mbili, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Wako watakaosema kwamba kumwandikia mtu hati ni kumtukana. Katika Kurani, Surat al-Baqara, aya ya 282, deni la muda maalumu limeagizwa liandikwe na mashahidi wawepo, na maagizo hayo wamepewa waumini katika shughuli zao wao kwa wao. Wanaoaminiana ndio walioambiwa waandike. Biashara ambayo kitambo chake kimerefuka inafanana na deni, na inastahili adabu ileile.

Jambo la kuogopwa zaidi ni mwuzaji kuifanya kanuni yake iwe ya watu fulani. Aliyeibiwa mara moja huanza kumpima mtu kwa jina, kwa kabila au kwa lafudhi. Huyu humlegezea, yule humkazia. Hapo humpa kamera mwizi mwenye ulimi mtamu, akamfukuza mwaminifu asiyejua kujieleza. Hata jina la siku nyingi lenye sifa huweza kuibwa likatumiwa na mwingine. Kanuni moja, iliyotangazwa kabla ya bei kupatanwa na kutumika kwa rafiki na mgeni, haimwiti mtu yeyote mwizi. Nayo ni lazima imlinde mnunuzi pia, aone kitu na kukikagua kabla fedha hazijamtoka, kwa sababu yeye naye anamwogopa mwuzaji asiyemjua. Mwongo atachoka kungoja, aende kwingine. Mwema atangoja, alipe, apokee haki yake. Na safari ya pili hatakuwa mgeni tena.