Ukurasa wa Pili

Mpwa wangu alikuwa na miezi mitatu nilipomtisha mama yake kwa habari za panya.

Dada alikuwa anatumia dawa kali, daktari akamkataza kunyonyesha. Maziwa ya kopo ya ng'ombe yakamkataa mtoto: vipele mwili mzima, choo chenye damu. Ndipo akaandikiwa ya soya. Bei yake usiulize. Dada alikuwa akipima kila kijiko kama sonara.

Mimi nyumbani ndiye msomi. Mashairi mawili yamechapishwa, basi siambiliki. Siku moja nikaingia na karatasi mkononi: panya waliolishwa soya walivimba tezi ya shingo, wakaota rovu. "Dada, haya maziwa yanaua tezi. Mtoto hatakua, na akili itadumaa." Nilisema kwa ile sauti yangu ya jukwaani. Hakubisha. Yeye aliishia darasa la saba. Ada yangu ya sekondari aliilipa kwa kuuza vitumbua. Angebishana vipi na alichokigharimia?

Kesho yake kopo likapandishwa juu ya kabati. Mtoto akawa anapewa uji mwepesi na maji ya sukari. Siku nne. Ya tano tulikuwa wodini, macho ya mtoto yamezama, dripu mkononi.

Karatasi ilikuwa bado mfukoni. Pale kwenye benchi ndipo nilipousoma ukurasa wa pili, jamani, ukurasa uliokuwa nyuma ya ule wa kwanza! Wale panya wa miaka ya 1930 walilishwa soya mbichi, na chakula chao kilikosa madini joto, yale yale tunayotiliwa kwenye chumvi. Walipopewa madini joto, rovu ilizuilika. Mwaka 1959 iliripotiwa kwamba watoto wa Marekani waliokuzwa kwa maziwa ya soya walipata rovu kweli, ndipo watengenezaji wakaanza kuyatia madini joto. Kopo letu limeandikwa ubavuni kwamba yamo. Nilikuwa nimelishika mara ngapi?

Sisemi panya walidanganya. Majaribio ya baadaye yalionyesha kuwa kiini kimoja cha soya, jenisteini, hukipunguzia nguvu kimeng'enya ambacho tezi hukitumia kutengeneza homoni. Lakini panya hao, kwa kuwa walishiba madini joto, homoni zao damuni hazikuyumba. Na mtoto aliyezaliwa na tezi dhaifu, anayetumia vidonge vyake, soya huzuia dawa isifyonzwe vizuri. Huyo daktari humpima mara kwa mara na pengine kumwongezea dozi. Mpwa wangu hakuwa huyo. Yeye alikuwa mtoto mwenye njaa tu.

Nesi akaja na faili. "Nani aliyekwambia umwachishe maziwa?"

Nikafungua mdomo. Dada akaniwahi: "Ni mimi mwenyewe, nesi." Nesi akamgombeza mbele ya kina mama wodi nzima, na mimi, mwenye maneno, nikawa natazama sakafu.

Sasa mtoto yuko darasa la kwanza, mkorofi, anamaliza sahani yake na yangu. Karatasi ile ninayo. Mara nyingi nimeitoa nimsomee dada ukurasa wa pili, naye huniuliza, "Shairi jingine hilo, mdogo wangu?" Nami naikunja.